Kutelezesha pati kwenye asembli ya CAD bila zichomoke, zipenyane wala zigande: mwongozo kamili

Kama umewahi kuweka kitelezi kwenye reli yake ndani ya asembli (pati kadhaa zilizounganishwa pamoja), ukakiburuta na mausi, kikaenda poa tu alafu kikafika mwisho wa reli kikaendelea na safari hewani kana kwamba reli bado ipo, ujue hujakosea kubofya popote. Programu ya CAD (ya kuchora vitu kwa kompyuta) haijui kama vitu viwili vinagusana. Inachojua ni milinganyo. Ukiiambia uso huu ulale juu ya uso ule, yenyewe inachukua bapa la huyu na bapa la yule inayafanya yawe bapa moja, na bapa kwenye hesabu halina mwisho, linaenda milele hata kama wewe umechora reli ya milimita 300 tu. Shika hilo kwanza, maana vituko karibu vyote vya kuteleza vinatoka hapo.

Majina ya hizo amri za kufunga pati moja kwa nyingine yanatofautiana. SolidWorks na Onshape wanaita meti, Inventor ina konstrenti na jointi zote mbili, Fusion ni jointi, na FreeCAD tangu toleo la 1.0 la mwaka 2024 inakuja na benchi lake la asembli ambalo nalo ni la jointi. Mi nitasema konstrenti kwa ujumla, na nikitaja programu fulani ni pale tu ambapo tofauti inakugusa.

Hesabu kabla ya mausi

Pati iliyo huru ina njia sita za kusogea: tatu za kwenda (kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini) na tatu za kuzunguka kwenye mihimili hiyohiyo. Kila konstrenti unayoweka inakula baadhi ya hizo. Uso bapa juu ya uso bapa unakula 3, zinabaki kuteleza pande mbili na kuzunguka palepale kama kikombe juu ya meza. Silinda ndani ya silinda, mihimili ikilingana, inakula 4, unabaki na kwenda mbele na nyuma pamoja na kuzunguka, ndo maana pistoni uliyoifunga hivo tu inazunguka hovyo ukiigusa. Tanjenti, yaani kugusana bila kukatana, ni mlaji mdogo: silinda juu ya bapa inakula 2, mpira juu ya bapa unakula 1 peke yake.

Sasa jiulize, hii pati nataka ibaki na njia ngapi? Kitelezi cha kweli kinataka 1, kwa hiyo lazima ule 5, si 4 wala 6. Iandike kwenye karatasi kabisa kama bado mgeni. Watu wengi wanaanza kubofya nyuso kwa nyuso mpaka pati itulie, na pati ikitulia wanashangaa mbona haisogei.

Jambo lingine la mwanzo ni kufunga pati moja iwe haiendi popote, kawaida ni reli au bodi ya mashine. SolidWorks inaifunga pati ya kwanza yenyewe, kwingine unaweza kukuta unatakiwa uifunge kwa mkono. Ukisahau, utaburuta kitelezi na reli nayo itakufuata.

Mfano wa kwanza: kitelezi ndani ya mfereji

Chukua reli ya milimita 300 yenye mfereji wa upana wa milimita 20, na kitelezi cha urefu wa 60 na upana wa 19.6, yaani kila upande kuna mwanya wa 0.2.

Anza na sakafu. Uso wa chini wa kitelezi ulale kwenye sakafu ya mfereji, hapo umekula 3. Kiburute uone, kitaogelea juu ya sakafu na kuzunguka, na kitapita kwenye kuta za mfereji kama hazipo. Usishtuke, hujamwambia mtu yeyote kuhusu kuta.

Hatua ya pili ndo wengi wanapoanguka. Unachukua ukuta wa kushoto wa kitelezi unaulaza kwenye ukuta wa kushoto wa mfereji. Hapo unakula 2 nyingine, maana moja ya zile tatu ilishaliwa na sakafu, jumla 5, kitelezi kinaenda mbele na nyuma tu. Kimahesabu umemaliza. Lakini akili ya kawaida inasema kuna ukuta wa kulia pia, ngoja niufunge nao, na unapofanya hivo programu inapiga kelele nyekundu, kwa sababu kitelezi cha 19.6 hakiwezi kugusa kuta mbili zilizoachana 20 kwa wakati mmoja. Na kama ulichora vyote 20 kwa 20 ndo mbaya zaidi, programu inanyamaza kwa sababu milinganyo inakubaliana, konstrenti ya ziada inakaa pale kimyakimya, alafu siku unabadilisha upana wa mfereji uwe 20.5 asembli nzima inawaka nyekundu na wewe hukumbuki ulifanya nini.

Mi siungi ukuta hata mmoja. Natumia katikati kwa katikati: bapa la katikati la kitelezi lilingane na bapa la katikati la mfereji. SolidWorks na Onshape zina meti ya upana inayofanya hii kazi yenyewe, unachagua nyuso mbili za mfereji na nyuso mbili za kitelezi, inagawa mwanya sawasawa. Kwenye programu nyingine chora pati zako kuanzia katikati ya mchoro kwenda pande zote mbili, bapa la katikati litakuwepo tayari bila kulitafuta. Mwanya wa 0.2 kila upande unabaki, na ukibadilisha upana wowote hakuna kinachovunjika.

Kama programu yako ina jointi ya slaida, kama Fusion, Onshape, Inventor au FreeCAD, basi itumie hiyo, inakula 5 kwa mkupuo mmoja bila kula kitu mara mbili. Unachagua sehemu moja kwenye kitelezi na moja kwenye reli, alafu unaonyesha mhimili wa kutelezea. Ukiona kitelezi kinaenda juu badala ya mbele, ni mhimili tu umechaguliwa vibaya, usifute jointi, geuza mhimili.

Kuhusu mfereji wa mkia wa njiwa, ule mpana chini mwembamba juu: usiguse zile nyuso za mshazari kabisa. Sakafu na bapa la katikati zinatosha, mishazari itakaa yenyewe kama ulichora vipimo sawa. Na usichague kona zilizoviringwa kama uso wa kulalia, siku ukibadilisha radiasi ya kona konstrenti inapoteza uso wake.

Kuweka mwisho wa safari

Sasa kitelezi bado kinachomoka mwisho wa reli, na tulishasema kwa nini. Dawa yake ni kikomo. Chagua uso wa mwisho wa kitelezi na uso wa mwisho wa reli wa upande huohuo, weka umbali wenye kiwango cha chini na cha juu. Reli 300 toa kitelezi 60 inakupa 240, kwa hiyo kikomo ni 0 hadi 240. Kama kuna vizuizi vya milimita 5 kila mwisho weka 5 hadi 235. Kwenye jointi za slaida kikomo kinakaa ndani ya jointi yenyewe, fungua mipangilio yake utakiona.

Kuna mtego hapa. Umbali ukifika sifuri kabisa programu inaweza kuamua kwamba upande wa pili nao ni sawa, kwa sababu milimita 3 kushoto na milimita 3 kulia zote ni milimita 3, na ghafla kitelezi kimeruka nje ya reli. Ikikutokea, pima kutoka uso mwingine ili umbali usikaribie sifuri kamwe, kwa mfano kutoka uso wa mwisho wa kitelezi hadi mwisho wa mbali wa reli, kikomo kinakuwa 60 hadi 300, safari ni ileile lakini sifuri iko mbali.

Andika kikomo kama fomula (urefu wa reli kutoa urefu wa kitelezi) kama programu inaruhusu. Nambari tupu 240 itakudanganya siku reli ikifupishwa.

Mfano wa pili: pini kwenye sloti

Hapa mwendo ni miwili, pini inateleza kwenye sloti (tundu refu) na pia inazunguka. Fusion na Onshape zina jointi ya pini na sloti, SolidWorks ina meti ya sloti ambayo inakuruhusu uiache pini huru, uiweke katikati, au kwa umbali fulani au asilimia fulani ya urefu wa sloti. Zote hizo ni rahisi, ukishaonyesha sloti na mhimili wa pini umemaliza.

Usichotakiwa kufanya ni kuchukua tanjenti kati ya pini na ukuta mmoja wa sloti ukadhani umemaliza. Ukuta ulionyooka ni bapa, bapa halina mwisho, pini itapita kwenye duara la mwisho wa sloti kama mzimu.

Sloti iliyopinda kama tao la duara ina ujanja mzuri sana ambao hauhitaji meti maalum. Tao lina kitovu, na pini ikiteleza ndani ya tao mhimili wake unakaa umbali uleule kutoka kwenye kitovu hicho siku zote. Kwa hiyo weka mhimili kwenye kitovu cha tao, weka umbali wa mhimili kwa mhimili sawa na radiasi ya mstari wa katikati, tuseme 80, alafu weka kikomo cha pembe, labda nyuzi 0 hadi 45. Inafanya kazi karibu kila programu.

Sloti yenye mkunjo wa kiholela, splaini, hiyo inataka njia. Chora mstari wa katikati ya sloti kama mchoro ndani ya pati ya sloti, uache uonekane, alafu tumia meti ya njia kufunga nukta ya katikati ya pini kwenye mstari huo. Mstari uwe mmoja usiokatika na usio na kona kali, la sivyo pini inafika kwenye kona inakwama au inaruka.

Mfano wa tatu: kamu na kifuasi

Huku ndo kutamu, na ndo kugumu. Kamu ni pati inayozunguka huku ikikisukuma kifuasi kiende juu na chini. Mjerumani Franz Reuleaux mwaka 1875 alizigawa jozi za mashine makundi mawili: zile zinazogusana uso kwa uso, kama kitelezi na reli, na zile zinazogusana kwa mstari au nukta tu, kama kamu na kifuasi chake au jino la gia kwa jino. CAD inalipenda kundi la kwanza. Kundi la pili linaitesa, kwa sababu sehemu ya kugusana inahama kila wakati, saa hii iko kwenye uso huu wa kamu, nyuzi kumi mbele iko kwenye uso mwingine, na tanjenti ya kawaida imefungwa kwa uso mmoja.

Fuata hivi:

1. Chora kamu kwa mkunjo mmoja uliofungwa kama unaweza, ili pembeni pawe na uso mmoja tu. Ukitumia matao na mistari hakikisha kila kiungo ni tanjenti, kona kali hata moja inaharibu kila kitu.
2. Funga kamu kwenye shafti ibaki na kuzunguka tu, yaani njia 1. Kifuasi kifunge kwenye mwongozo wake kibaki na kwenda juu na chini tu, nacho njia 1. Hii ifanye kabla ya kugusanisha.
3. Kiburute kifuasi mpaka kikaribie sana mahali pake, upande sahihi wa kamu. Tanjenti ina majibu mawili, kugusa kwa nje na kugusa kwa ndani, na programu mara nyingi inachukua lililo karibu. Ukikiacha mbali usilalamike kikitokea tumboni mwa kamu.
4. SolidWorks: meti ya kamu, chagua nyuso zote za kuzunguka kamu (lazima zifunge duara na ziwe tanjenti) alafu kifuasi, ambacho kinaweza kuwa silinda, bapa au nukta. Inventor: ile konstrenti ya mpito, imetengenezwa kwa kazi hii hii, rola juu ya mfululizo wa nyuso. Fusion: tumia seti ya kontakti, nitaieleza chini.
5. Zungusha kamu mzunguko mzima polepole, na upime.

Kupima kunarukwa sana. Anza na kamu ambayo unajua jibu lake: duara lililotobolewa pembeni ya kitovu. Ukilitoboa milimita 8 kutoka kitovu, kifuasi bapa lazima kipande milimita 16 kamili kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, mara mbili ya hizo 8. Ukipata 16 konstrenti yako ni nzima, ukipata kingine usiendelee na kamu ngumu.

Na lile bapa lisilo na mwisho linarudi tena hapa. Kifuasi bapa kwenye hiyo kamu kinaguswa mahali panapohama milimita 8 huku na milimita 8 huku kutoka mstari wa katikati, kwa hiyo uso wake lazima uwe na upana zaidi ya 16. Ukichora kifuasi cha upana wa 10 CAD itakuonyesha mwendo mzuri kabisa, kinapanda na kushuka kama kawaida, kumbe kwenye nyuzi nyingi hakigusi chochote, kinasimama juu ya bapa la kufikirika. Ukitengeneza hicho kitu kwa chuma kitakuaibisha. Vivyo hivyo rola: kama kamu ina sehemu iliyobonyea kwenda ndani, radiasi ya rola iwe ndogo kuliko radiasi ya ubonyeo, la sivyo rola itagusa kingo mbili na haitafika chini. Na kifuasi bapa juu ya kamu yenye bonde, sahau, hakiwezi kuingia bondeni.

Pale ambapo konstrenti hazifai: kontakti ya kweli

Konstrenti yoyote inasukuma na pia inavuta. Ile meti ya kamu imegundisha kifuasi kwenye kamu, hata ukizungusha kwa kasi gani hakitarukaruka, wakati kwenye mashine ya kweli ni springi au uzito ndo unakirudisha. Vitu vinavyogusana na kuachana, kama ulimi wa racheti (gurudumu la meno linalozunguka upande mmoja tu) unaopanda jino na kudondoka, au mtambo wa Geneva ambao pini yake inaingia kwenye sloti, inazungusha gurudumu, inatoka, gurudumu linasimama, hivi huwezi kuvifunga kwa konstrenti za kawaida maana konstrenti haiachii. Hapa unataka kontakti, yaani programu ikague miili yenyewe kama imegongana.

SolidWorks kwenye kusogeza pati kuna ugunduzi wa mgongano na chaguo la kusimama pakigonga. Ujue inafanya kazi wakati amri hiyo iko wazi tu, ukiifunga pati zinarudi kupenyana kama zamani, nimeona watu wanadhani programu imeharibika. Kwa mwendo wa motor na springi unaingia kwenye stadi ya mwendo (sehemu ya kuiga mwendo) unaongeza kontakti huko. Inventor inataka vitu viwili, pati ziingizwe kwenye seti ya kontakti na solva ya kontakti (inayopiga hesabu za kugusana) iwashwe, ukifanya kimoja hakuna kitu. Fusion unawasha kontakti kwa zote au unatengeneza seti ya pati chache.

Chagua pati chache. Kontakti kwa asembli nzima inaifanya kompyuta ipumue kwa shida, na boliti 40 zilizotulia hazina sababu ya kukaguliwa. Hakikisha pati hazijapenyana hata kidogo unapoanza, maana solva ikikuta zimeshagongana tayari ama inagoma ama inazirusha. Buruta polepole pia: mgongano unakaguliwa kwa hatua, ukivuta mausi kwa kasi pati nyembamba inaweza kuwa upande huu hatua hii na upande wa pili hatua inayofuata, imeruka ukuta bila kuugusa. Na kama mwendo wa kifuasi unaonekana una vikwaruzo vidogovidogo, huenda programu inatumia pembetatu badala ya mkunjo wenyewe, ongeza usahihi wa kontakti kwenye mipangilio ya stadi.

Ikiganda

Siku moja nimekaa jioni nzima natafuta kwa nini droo haitoki kwenye kabati, nimefuta konstrenti, nimeweka upya, nimefungua faili la zamani, kumbe droo na reli zake zilikuwa ndani ya asembli ndogo na asembli ndogo kwa kawaida inachukuliwa kama tofali moja. Kwenye SolidWorks na Inventor unaenda kwenye asembli ndogo hiyo unaibadilisha iwe nyumbufu, droo inatoka hapohapo. Kwa hiyo hicho ndo kitu cha kwanza kuangalia.

Cha pili ni alama kwenye orodha ya pati. SolidWorks inaweka alama ya kutoa mbele ya pati yenye uhuru uliobaki, alama ya kujumlisha kwa iliyofungwa kupita kiasi, na herufi f kwa iliyogandishwa. Kitelezi chako kinatakiwa kiwe na ya kutoa. Kikikosa, zima konstrenti zake moja moja, usifute, zima tu, na baada ya kila moja kiburute. Ile ambayo ukiizima kitelezi kinaamka ndo mwizi.

Bawaba mbili za mlango mmoja ni mwizi wa aina hii. Kila bawaba inakula 5, mbili zinakula 10, na mlango ulikuwa unahitaji 5 tu. Kwenye kuburuta utaona sawa, lakini ukija kupima nguvu kwenye stadi ya mwendo, bawaba moja inaweza kuonekana inabeba kila kitu na nyingine haibebi chochote, sababu solva imezitupa zile za ziada yenyewe. Bawaba ya pili ipe konstrenti ndogo zaidi, au iache tu ifuate.

Mwisho kabisa pima mpenyano kwenye nafasi tatu, mwanzo wa safari, katikati na mwisho, kwa sababu mpenyano wa kwenye milimita 180 hauonekani ukiwa milimita 0. Ili usimame kwenye nafasi hizo bila kukisia, ongeza konstrenti moja ya umbali kwa ajili ya kuendesha tu, ipe jina linaloeleweka kama "nafasi ya kitelezi", iwe imezimwa muda wote unapoburuta na uiwashe unapotaka kupima au kutoa mchoro.